Mama Anayenyonyesha na Pete ya Uzazi wa Mpango: Tumuulize Nini Kabla ya Kumpa

Hotuba kwa wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, waganga wafawidhi wa zahanati na vituo vya afya, wauguzi na wakunga wenzangu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka Ilemela, Nyamagana, Magu na Sengerema, na ninyi mliovuka maji alfajiri kutoka Ukerewe: mwangaluka.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kumchuja mama anayenyonyesha ambaye anataka kutumia pete ya uzazi wa mpango, ili tujue kama inamfaa, haimfai, au haijamfaa bado. Nimekubali kwa moyo wote, kwa sababu katika miaka yangu ya ukunga nimeona kwamba madhara mengi yanayowapata akina mama wetu hayatokani na dawa mbaya wala na muuguzi mwenye nia mbaya, bali yanatokana na swali lililoulizwa nusu. Mama anaulizwa, "Unanyonyesha?" Anajibu, "Ndiyo." Alama inawekwa kwenye fomu na maongezi yanasonga mbele. Ninalotaka kuwaonyesha leo ni kwamba jibu hilo la ndiyo, likiachwa lilivyo, halitoshi hata kidogo kumwamulia mama pete.

Nianze na chenyewe. Pete hii ni duara laini la mpira wa silikoni au plastiki ya namna yake, linalokunjika kati ya vidole viwili, ambalo mama hulisukuma mwenyewe ndani ya uke bila kuhitaji mkono wa muuguzi. Likishakaa mahali pake, dawa hutoka humo kidogo kidogo, hupenya kwenye ngozi laini ya uke na kuingia katika damu. Haihitaji sindano wala kisu, na mama akitaka kuacha huitoa kwa kidole chake. Nasisitiza jambo hili la mwisho kwa sababu kwa mama anayekaa kisiwani, mbali na mtu anayeweza kumtoa kijiti cha uzazi wa mpango, kuwa na njia anayoweza kuianza na kuiacha kwa mkono wake mwenyewe ni uhuru mkubwa.

Sasa hapa ndipo mkanganyiko unapoanza. Tunaposema "pete" tunataja jina moja, lakini chini ya jina hilo kuna dawa zisizofanana. Ipo pete ya projesteroni, mojawapo ya homoni za uzazi za mwanamke, peke yake, iliyoandaliwa mahususi kwa mama anayenyonyesha. Hii ilifanyiwa kazi kwa miaka mingi na taasisi ya Population Council ya New York, ikaanza kuidhinishwa Chile mwaka 1998, ikaenea katika nchi nyingine za Amerika ya Kusini, na baadaye ikajaribiwa kwa akina mama wa India, Kenya, Nigeria na Senegal. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Hutoa takribani miligramu 10 za projesteroni kwa siku, hukaa ukeni mfululizo kwa siku 90, kisha hubadilishwa kwa nyingine, na mama anaweza kutumia pete nne zikifuatana, yaani mwaka mmoja. Ikitumiwa sawasawa, katika kila wanawake 100 wanaoitumia kwa mwaka, mmoja au wawili tu ndio wanaopata mimba.

Ipo na pete ya pili, ya mchanganyiko, ambayo ndani yake mna homoni mbili: projestini, yaani homoni ya kutengenezwa inayofanana na projesteroni, na estrojeni. Hii ndiyo iliyoenea zaidi Ulaya na Marekani, na mtu akitafuta habari za pete kwenye simu yake, hiyo ndiyo atakayokutana nayo kwanza. Iliyo maarufu kati yake huvaliwa wiki tatu na kutolewa wiki moja. Ukiiweka juu ya meza pamoja na ile ya kwanza, mtu asiye na mazoea ataona ni ndugu wa tumbo moja, ingawa ile ya projesteroni ni nene zaidi. Lakini kwa mama mwenye mtoto wa wiki nane kifuani, moja ni halali na nyingine si ya kumpa.

Na isije ikasahauliwa ya tatu, hasa katika mialo yetu, kule ufukweni wanakoshukia wavuvi: pete ya dapivirini, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021 kwa ajili ya kumpunguzia mwanamke hatari ya kuambukizwa VVU, na ambayo wakati huo ilikuwa ya kubadilishwa kila mwezi. Hiyo haizuii mimba. Nayo pete ya uzazi wa mpango haizuii VVU. Mama akikuambia, "Nimesikia habari za pete," muulize amesikia inafanya kazi gani, ndipo uendelee.

Kwa nini estrojeni iwe tatizo kwa mzazi? Mwanamke anapojifungua, mwili wake huwa umejiandaa kuzuia damu isimwagike kupita kiasi, kwa hiyo damu yake huganda kwa urahisi kuliko kawaida. Hali hiyo huwa kali zaidi katika wiki tatu za mwanzo, na huendelea kupungua hadi kufikia wiki ya sita. Estrojeni nayo huongeza uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa ya miguu, na donge likikatika likapanda hadi mapafuni, mama anaweza kufa ghafla mbele ya watu wake. Zaidi ya hapo, kuna hofu kwamba estrojeni ikianza mapema hupunguza maziwa, wakati mtoto hana chakula kingine. Projesteroni haina hatari hiyo ya kuganda kwa damu, na kwa kuwa ni ile ile ya asili inayotengenezwa na mwili, kiasi kidogo kinachoingia katika maziwa mtoto akikimeza huvunjwavunjwa tumboni na kwenye ini, hata kisibaki cha kumdhuru.

Toleo la tano la vigezo vya kitabibu vya Shirika la Afya Duniani vya nani apewe njia gani ya uzazi wa mpango, lile la mwaka 2015, limeliweka jambo hili katika makundi manne. Kundi la 1 ni la mtu asiye na kizuizi chochote. La 2 ni la yule ambaye faida kwake inashinda hatari. La 3 ni la yule ambaye hatari inashinda faida, isipokuwa pale ambapo njia nyingine hazipatikani au hazikubaliki. La 4 ni la yule ambaye asipewe kabisa. Shirika lenyewe limeeleza kwamba mahali ambapo hakuna daktari wa kupima hali kwa undani, makundi haya yasomwe mawili tu: la 1 na la 2 ni mpe, la 3 na la 4 ni usimpe. Nami naona katika zahanati zetu, ambako muuguzi mmoja anazalisha, anachanja na kuandika rejesta, usomaji huo wa mawili ndio wa busara.

Basi mchukueni mama anayenyonyesha na mumpitishe humo. Pete ya projesteroni ni kundi la 1 kuanzia wiki ya nne baada ya kujifungua, mradi ananyonyesha kweli kweli. Pete ya mchanganyiko ni kundi la 4 kabla ya wiki sita kutimia, ni kundi la 3 kuanzia wiki sita hadi kabla ya miezi sita, na ni kundi la 2 kuanzia miezi sita na kuendelea. Kwa hiyo mama yule yule, wa wiki tano, kwa pete moja anasimama kundi la kwanza na kwa pete nyingine anasimama kundi la mwisho. Umri wa mtoto kwa wiki ndio unaoamua, na ndiyo maana nataka tukae kidogo kwenye habari ya kuhesabu.

Akina mama wetu hawahesabu wiki. Wanahesabu arobaini. Ukimuuliza mama, "Mtoto ana muda gani?" atakuambia, "Tumeshatoka arobaini," na sisi tumezoea kusikia neno hilo kama maana yake ni wiki sita. Si wiki sita. Wiki sita ni siku 42. Arobaini ni siku 40, na hiyo ni kwa yule aliyezihesabu zote, kwa maana nimeona nyumba ambazo arobaini hufanywa siku ya Jumapili iliyo karibu ili wageni wapate nafasi ya kuja, na nyingine ambazo mama hutoka mapema kwa sababu hakuna mtu wa kumchotea maji. Tofauti ya siku mbili tatu inaweza kuonekana ndogo, lakini kwa pete ya mchanganyiko hiyo ndiyo tofauti ya kundi la 4 na la 3, na yote mawili, kwa usomaji wetu wa zahanati, jibu lake ni hapana. Hatari kubwa zaidi ni kwa mama ambaye "miezi sita" yake imehesabiwa kwa mwandamo au kwa kukisia, maana hapo ndipo hapana inapogeuka kuwa ndiyo kabla ya wakati. Upande wa pete ya projesteroni, wiki ya nne huangukia ndani ya arobaini yenyewe, siku ambazo mama hatoki, na kwa hiyo hatutamwona kliniki mpaka chanjo ya wiki sita. Hapo ndipo mahali petu pa kumkuta, na tusimwache aondoke na chanjo tu.

Dawa ya kuhesabu mnayo mkononi: kadi ya mtoto ya kliniki. Tarehe ya kuzaliwa imeandikwa pale juu. Chukua kalenda, weka kidole kwenye tarehe hiyo, na uhesabu wiki moja moja kwa sauti, mama akiwa anasikia. Nimefanya hivi kwa miaka mingi na sijawahi kuona mama aliyechukizwa nalo. Wengi hucheka, wengine hushangaa kwamba mtoto amekua kiasi hicho, na mmoja aliwahi kuniambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kukaa naye chini akahesabu siku za mtoto wake. Kadi ikiwa imepotea, au imelowa katika mtumbwi mpaka wino umefutika, shikilia chanjo alizopata na matukio anayoyakumbuka, na ukibaki na shaka, chukua hesabu iliyo fupi zaidi, si iliyo ndefu.

Sasa nije kwenye kunyonyesha kwenyewe, ambako ndiko ningependa mkae nami kwa muda mrefu zaidi. Pete ya projesteroni haifanyi kazi peke yake. Inafanya kazi bega kwa bega na kunyonyesha. Mtoto anaponyonya mara kwa mara, mwili wa mama huchelewesha kupevuka kwa mayai, na projesteroni ya pete huurefusha ucheleweshaji huo na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu zisipite. Kunyonyesha kukilegea, nguzo moja ya nyumba imetoka. Kwa sababu hiyo kigezo hakisemi tu "anayenyonyesha": kinataka mtoto awe ananyonya angalau mara nne kwa siku, mchana na usiku vikihesabiwa pamoja.

Mara nne. Ni swali rahisi kuliuliza na gumu kulijibu. Jaribuni kumuuliza mama yeyote, "Mtoto ananyonya mara ngapi kwa siku?" Atakujibu, "Anaponyonya ananyonya," au atasema "mara nyingi," na anasema kweli, kwa kuwa kunyonyesha si kazi ya kuwekewa saa. Kwa hiyo msiombe hesabu. Muulizeni siku yake ilivyokwenda. Jana uliamka saa ngapi? Ulimnyonyesha kabla hujatoka? Ulipotoka mtoto alibaki na nani, na alipolia alipewa nini? Ulirudi saa ngapi, na ulipofika ulimnyonyesha au ulianza kupika? Je, usiku analala na wewe au analala na bibi? Ninyi wenyewe mtaziweka alama kwenye karatasi, na mkimaliza mtajua kama ni mara tatu au mara saba.

Wale mnaofanya kazi mialoni mnajua kwamba hata siku ya jana haitoshi. Dagaa huvuliwa kwa taa, katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi hupumzika. Basi mama anayenunua na kuanika dagaa ana maisha mawili ndani ya mwezi mmoja. Siku za giza huwa ufukweni tangu saa kumi na moja alfajiri kupokea mzigo, huuanika, huugeuza jua likipanda, huukusanya kabla mvua haijaja, na mtoto yuko nyumbani na dada yake mwenye miaka tisa, anakunywa uji kwa kikombe. Siku za mbalamwezi mama yupo, na mtoto ananyonya mpaka kushiba. Ukimchuja katika siku za mbalamwezi, utamwandika kwamba ananyonyesha mara nane. Wiki mbili baadaye, akiwa na pete yako mwilini na imani yako kichwani, ananyonyesha mara mbili, usiku tu. Muulizeni kuhusu giza na muulizeni kuhusu mbalamwezi, kisha uamuzi ufuate zile siku ambazo mtoto ananyonya kidogo zaidi.

Aliyeajiriwa naye ana kipindi chake cha kuangaliwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, yaani wiki 12 kamili, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku katika saa za kazi. Ni akina mama wangapi wa maduka na viwanda vyetu wanaozijua saa mbili hizo? Waambieni. Mama anayepata nafasi ya kwenda kumnyonyesha mtoto mchana anamlinda mtoto, na anailinda pia njia yake ya uzazi wa mpango. Kwa upande wetu, mama wa wiki sita mwenye ajira apewe tarehe ya kurudi wiki ya 13, si kwa sababu pete imekwisha, maana bado, bali kwa sababu maisha yake yatakuwa yamebadilika.

Kuchuja mama anayenyonyesha, kwa hiyo, hakumaliziki siku ya kwanza. Kunarudiwa kila pete inapobadilishwa, kila siku 90, kwa swali lile lile la jana yako ilikwendaje. Na mama aelezwe tangu mwanzo kwamba mtoto akiachishwa ziwa, au kunyonya kukishuka chini ya mara nne, asisubiri siku 90 zitimie: aje mapema achague njia nyingine.

Niwasimulie jambo moja. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii, katika kituo ambacho sitakitaja, alikuja mama aliyekuwa ametoka kisiwani. Mtoto alikuwa na miezi saba mgongoni, wa nne kwake, na alitaka sindano. Nilimuuliza siku zake za mwezi za mwisho zilikuwa lini. Akasema tangu ajifungue hajaziona. Nikamwambia nilichofundishwa na wakubwa zangu pale: "Mama, nenda, ukiziona urudi, ili tuwe na hakika huna mimba." Alinyamaza kidogo, akafunga kanga upya, akaondoka. Alirudi mara ya pili na jibu lilikuwa lile lile. Mara ya tatu alirudi na tumbo. Hakunilaumu. Aliketi kwenye benchi la wajawazito kama wenzake, na nilipomwita jina aliitika kwa adabu. Mpaka leo nakumbuka rangi ya kanga ile, ya kijani yenye pindo nyeusi.

Mama yule hakuwa na namna ya kutii agizo langu. Anayenyonyesha anaweza kukaa miezi mingi bila hedhi, na yai linaweza kupevuka na kushika mimba kabla hajaona tone la kwanza. Kumwambia arudi akiwa katika siku zake ni kumwambia arudi akiwa na bahati. Utafiti uliofanywa katika miaka ya 1990, nchini Kenya na kwingineko, ulionyesha kwamba desturi hii ya kudai hedhi ilikuwa ukuta mkubwa uliowazuia wanawake kupata huduma, na ndipo yakaandaliwa maswali sita ambayo muuguzi akiyauliza anaweza kuwa na hakika ya kutosha kwamba mama hana mimba, bila kipimo chochote.

Maswali hayo mmewekewa mezani. Je, umejifungua chini ya miezi sita iliyopita, unanyonyesha maziwa yako peke yake au karibu peke yake, na hujaona hedhi tangu hapo? Je, hujakutana na mwanamume tangu hedhi ya mwisho au tangu kujifungua? Je, umejifungua katika wiki nne zilizopita? Je, hedhi yako ya mwisho ilianza ndani ya siku saba zilizopita? Je, mimba imetoka ndani ya siku saba zilizopita? Je, umekuwa ukitumia njia ya kuaminika ya uzazi wa mpango, kwa usahihi na bila kuacha? Akijibu ndiyo hata kwa moja tu, na hana dalili za mimba, endelea naye. Lile la kwanza limebeba masharti matatu kwa pamoja, na likikosekana moja jibu si ndiyo tena: mtoto aliyekwisha kuanza uji, hata kama ana miezi minne, humtoa mama katika swali hilo, na itabidi umtafutie katika mengine. Mama wa kanga ya kijani, kwa miezi yake saba, angekosa la kwanza, lakini sikumuuliza la pili wala la sita. Na kama yote yangegonga mwamba, ningempa kondomu na tarehe ya kurudi kupimwa mkojo, badala ya kumrudisha majini mikono mitupu.

Kuhusu magonjwa nitapita kwa haraka, kwa kuwa mengi mnayajua kutokana na vidonge vya mchanganyiko, na pete ya mchanganyiko hufuata njia ile ile. Aliyewahi kupata donge la damu mguuni au mapafuni, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona miale ya mwanga, mwenye saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini: huyu estrojeni si yake, awe ananyonyesha au hanyonyeshi. Presha ya 140 kwa 90 na kuendelea inamweka kundi la 3, na ikifika 160 kwa 100 ni kundi la 4, na kumbukeni kwamba mama aliyepata kifafa cha mimba au presha ya ujauzito anaweza kuwa bado nayo. Muulizeni pia dawa anazokunywa, hasa rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, maana hizi huipunguzia nguvu homoni ya mchanganyiko. Mwenye selimundu, na kanda yetu ya Ziwa inao wengi, mimi humpeleka kwa daktari kabla ya kufungua mazungumzo yoyote ya estrojeni. Ninachotaka mkizingatie ni kile kisichohitajika: ili kumpa mama mzima pete, humpandishi kitandani kumpima ndani, humtumi maabara, wala humdai kipimo cha damu. Kila kipimo kisicho na lazima ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi iliyopotea.

Mahali pa kuulizia nako ni sehemu ya uchujaji. Maswali haya hayaulizwi kwenye foleni ya mizani, mama mkwe akiwa ameshika mtoto na kumjibia mkwewe. Mwombeni bibi, kwa heshima yake yote, ampeleke mjukuu kupimwa uzito, na mzungumze na mama faragha. Asiyejua Kiswahili vizuri, aliyezoea Kisukuma, Kikerewe au Kijita, atafutiwe mtu mzima wa kumtafsiria ambaye si wa nyumbani kwake.

Yapo na maswali ambayo yeye atawauliza, na ni haki yake. Je, itapotea tumboni? Hapana, uke una mwisho wake. Je, itaanguka chooni nikichuchumaa? Huweza kushuka kwa baadhi ya akina mama. Ikitoka, aisuuze kwa maji safi na kuirudisha, na ile ya projesteroni isikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Ikidumbukia katika choo cha shimo, asitafute: aje apate nyingine, na hadi hapo atumie kondomu. Mwambieni haya kwa uso mkavu na sauti ya kawaida, kwa maana mama wa kijijini akiona muuguzi ameona haya, hatauliza tena.

Atakuwepo ambaye pete haimfai. Mama wa miezi mitatu ambaye mtoto wake ananyonya usiku tu, kwa mfano, hafai kwa pete ya projesteroni kwa sababu ya idadi ya manyonyesho, na hafai kwa pete ya mchanganyiko kwa sababu ya umri wa mtoto. Amesimama katikati. Msimwambie "hufai," neno hilo huenda naye nyumbani. Mwambieni pete haijawa njia yake kwa sasa, na papo hapo mmwonyeshe kijiti, vidonge vya homoni moja, sindano, kitanzi na kondomu, ambavyo kwa mama aliyevuka wiki sita anayenyonyesha havina kizuizi kutokana na kunyonyesha kwake. Mtoto anahitaji angalau miezi 24 kabla mama hajashika mimba nyingine, na miezi hiyo haingoji tupate pete.

Sasa naomba tuache maneno tushike kadi. Kila meza ina kadi tatu nilizoziandika mwenyewe, za akina mama wa kubuni, na tuchukulie leo ni tarehe 25 Aprili. Wa kwanza amejifungua tarehe 14 Machi, arobaini yake imeisha juzi, na mtoto ananyonya tu. Wa pili amejifungua tarehe 2 Januari na amerudi kazini mwanzoni mwa mwezi huu. Wa tatu amejifungua tarehe 10 Oktoba mwaka jana, anaanika dagaa, na hajaona hedhi. Kalenda ziko ukutani. Kaeni wawili wawili, mmoja awe mama na mwingine muuguzi, na yule aliye mama ajibu kama akina mama wanavyojibu, asimrahisishie mwenzake. Anzeni na yule wa dagaa.